Zadi ya Msafiri wa Hijja Katika Zama za Intaneti

(Mada iliyotolewa msikitini baina ya Swala ya Magharibi na Isha, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Swahaba zake, na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama ba'ad.



Nimetakiwa nizungumze juu ya matayarisho ya safari ya Hijja na Umra kwa kutumia simu na intaneti. Huenda wapo miongoni mwenu wanaoona kuwa mada hii ni ya sokoni na si ya msikitini. Nami ningeona hivyo hivyo lau si jambo lililonifika mwenyewe, ambalo nitalitaja kabla ya lolote. Kwani anayewaonya watu na shimo, ikiwa yeye aliwahi kumtumbukiza mwenziwe humo, ni wajibu wake aseme.

Mwaka mmoja uliopita, katika siku za mwisho za Shaabani, nililetewa ujumbe katika simu. Ulikuwa na picha ya Al-Kaaba, jina la taasisi lenye maneno ya Kiarabu mazuri, na bei ya Umra ya Ramadhani iliyo chini mno kuliko bei tuzijuazo. Nikausoma mara moja, nikafurahi, nikaupeleka katika kundi la wazazi wa madrasa yetu. Sikumpigia mtu simu wala sikuuliza ofisi ilipo. Kazi yote hiyo haikunichukua hata dakika moja.

Baada ya siku kumi alinijia mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, mjane anayepika vitumbua alfajiri. Alikuja na daftari la shule ambamo ameandika kila alichoweka akiba kwa miaka sita. Alikuwa ametuma malipo ya kwanza kwa simu, kisha akatakiwa atume ya pili, akatuma, kisha namba ile ikazimwa. Nilipomuuliza kwa nini hakunishauri, alinijibu kwa upole, "Ustadhi, si wewe ndiye uliyetuletea?"

Ndugu zangu, katika muqaddima wa Sahih Muslim imepokewa kuwa inamtosha mtu kuhesabiwa uongo akiwa anasimulia kila analolisikia. Hadithi hii nilikuwa naifundisha. Lakini sikujua kuwa kidole kinachopeleka ujumbe nacho ni ulimi, na kinaingia katika hukumu hiyo hiyo. Kwa ajili hiyo nimesimama mbele yenu usiku huu.

SAFARI ILIYOPANGWA KULIKO ZOTE

Tukitaka kujua namna Muislamu anavyopanga safari, tusiende mbali. Tutazame Hijra ya Mtume (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622. Huyu ni Mtume anayeletewa Wahyi, anayelindwa na Mola wake. Je, aliondoka tu akasema Allah atanifikisha?

La. Abubakar (r.a.) alikwishawalisha majani ngamia wawili kwa muda wa miezi minne akiwatayarisha kwa safari hiyo, na Mtume (s.a.w.) hakukubali kumchukua mmoja wao ila kwa thamani yake. Wakamkodi mtu wa Banu ad-Dil, bingwa wa kujua njia, anayetajwa na wanahistoria kwa jina la Abdullah bin Urayqit. Mtu huyu alikuwa bado katika dini ya Makureshi, lakini walimjaribu wakamwamini, wakamkabidhi ngamia, wakaahidiana naye wakutane baada ya masiku matatu.

Kisha wakaelekea pango la Thawr, lililo kusini ya Makka, ilhali Madina iko kaskazini. Abdullah, mwana wa Abubakar, alikuwa akishinda mjini akisikiliza Makureshi wanapanga nini, na usiku akiwaletea habari. Amir bin Fuhayra aliwapelekea kondoo wa maziwa. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alitayarisha chakula, akapasua mshipi wake akafungia mfuko. Na ulipofika wakati, yule mjuzi wa njia akawapitisha njia ya pwani, ambayo kwa Kiarabu huitwa tariiq as-sawaahil. Nasi watu wa Mwambao tunalijua vyema neno hilo, kwani jina la lugha yetu limetoka humo.

Tazameni basi. Kulikuwa na habari iliyohakikiwa, kulikuwa na zadi, kulikuwa na dalili, yaani kiongozi wa njia, na kulikuwa na siri iliyohifadhiwa. Hakuna hata kimoja kati ya vinne hivi kilichopunguza tawakkul yao kwa Allah. Vyote vinne ndivyo anavyovihitaji msafiri wa leo, isipokuwa leo vingi vinapatikana ndani ya simu. Na humo humo ndimo alimo mwizi.

CHOMBO SI IBADA

Kuna ndugu wanaouliza, je, haya si mambo mapya katika dini? Tuwe waangalifu hapa, kwani sisi ndio tunaowakataza watu uzushi. Uzushi tunaoukataza ni kuongeza katika ibada yenyewe: kuzua dua ya mzunguko wa tatu isiyokuwa na asili, au kuitukuza sehemu ambayo sheria haikuitukuza. Ama wasila wa kufikia ibada, kama kipando, dira, ramani na tiketi, hukumu yake hufuata lengo lake.

Wazee wetu wa Mwambao walikwenda Hijja kwa majahazi, wakingoja kusi iwasukume kaskazini na kaskazi iwarudishe nyumbani. Waalimu wa vyombo, kama Ahmad bin Majid wa karne ya 15 aliyeandika vitabu vya elimu ya bahari, walipima urefu wa nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo kilichoitwa kamaal. Hakuna aliyesema kuwa kibao kile kimeharibu Hijja ya mtu. Simu yako ni kamaal ya zama hizi. Ukijua kuitumia itakufikisha, na usipojua itakupeleka mwambani.

Na Qur'ani imelieleza hili wazi. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kuwa watu wa Yaman walikuwa wakitoka kuhiji bila ya masurufu, wakijiita wenye kutawakali, na wakifika Makka huwaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul-Baqara kuwaamrisha wachukue zadi, na kuwafahamisha kuwa uchamungu ndiyo zadi iliyo bora kuliko zote. Katika zama zetu, zadi si tende na maji peke yake. Habari sahihi nayo ni zadi, na asiyekuwa nayo ataishia kuombaomba katika viwanja vya ndege.

KWANZA: HABARI ILIYOHAKIKIWA

Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6, tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Basi haya ndiyo mambo ya kuhakikisha.

Mwaka 2022 Wizara ya Hijja na Umra ya Saudi Arabia ilizindua jukwaa liitwalo Nusuk. Kwa programu hiyo mtu huomba kibali cha Umra, na huweka miadi ya kuswali katika Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Ndugu zetu Waswahili wanaoishi Ulaya na Marekani hupitia Nusuk hata katika kununua safari yao ya Hijja. Ama sisi wa Tanzania na Kenya, safari ya Hijja hupitia kwa mawakala wanaotambuliwa na mamlaka za nchi. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa amekununulia Hijja kwa njia yake ya siri, asiyoijua wakala wala taasisi yoyote, mwache na siri yake.

Usikubali jina la wakala kwa kuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Uliza orodha ya mawakala waliosajiliwa kwa mwaka huu, si wa mwaka jana. Nenda ofisini kwao kwa miguu yako, au mtume kijana wako. Watafute waliosafiri nao mwaka uliopita, uwaulize walilala wapi, walikula nini, na nani alikuwa nao siku ya Arafa. Na unapotuma pesa kwa simu, litazame jina linalotokea kabla hujathibitisha. Ikiwa ni jina la mtu binafsi na si la taasisi unayoilipa, simama hapo hapo. Mama yule aliniambia kuwa jina lililotokea halikuwa la taasisi, naye alidhani ni la mhasibu wao.

Tovuti nazo zina mafundisho yake. Tovuti za serikali ya Saudi Arabia kwa kawaida huishia na herufi gov.sa au sa. Mwizi huweza kuiga rangi, nembo na picha, lakini anwani hawezi kuiiga yote. Ataongeza herufi au ataweka mwisho mwingine. Basi isome anwani herufi kwa herufi, kama unavyomsomesha mtoto alifu na bee. Na ile alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani si dalili ya uaminifu. Hujulisha tu kuwa mazungumzo baina yako na tovuti hayasikilizwi njiani. Hata mwizi anaweza kuwa na kufuli.

VIZA NA ROHO ZA WATU

Ndugu zangu, jambo hili si la kupoteza pesa peke yake. Katika Hijja ya mwaka 1445, sawa na Juni 2024, joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki, na kwamba asilimia 83 miongoni mwao hawakuwa na kibali cha Hijja. Hawa walitembea masafa marefu juani bila ya hema wala kivuli, kwani asiye na kibali hana basi la kupanda wala kambi ya kupumzika. Wengi wa watu wa namna hii huingia kwa viza ya matembezi.

Tunawaombea rehma, wala hatumhukumu maiti. Lakini walio hai tuwaambie ukweli. Wanachuoni waliposherehesha masharti ya uwezo wa kuhiji, walitaja zadi, kipando na amani ya njia. Baraza la Wanachuoni Wakuu la Saudi Arabia lilibainisha mwezi Aprili 2024 kuwa haijuzu kwenda kuhiji bila ya kibali, kwa madhara yanayompata mtu mwenyewe na mahujaji wengine. Basi asiyepata kibali hajapata uwezo, na Hijja haijamlazimu mwaka huo. Asijitie katika maangamizi kwa jambo ambalo Mola wake hakumkalifisha.

Kwa hiyo, viza yako ikitoka, usiridhike kuambiwa kuwa iko tayari. Iombe, uisome aina yake: ni ya Hijja, ya Umra, au ya matembezi? Jukwaa la viza la Wizara ya Mambo ya Nje ya Saudi Arabia humwezesha mtu kuitafuta viza yake kwa namba ya maombi na namba ya pasi. Kijana yeyote wa sekondari anaweza kukufanyia hivyo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Na kumbukeni chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo hutakiwa ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Hiyo haina njia ya mkato.

PILI: TIKETI NA MIQATI

Jambo hili wengi hughafilika nalo. Unapotafuta tiketi katika intaneti, programu hukupangia kwa bei, na wala haijui miqati ni nini. Mtume (s.a.w.) ameweka miqati ya Dhul-Hulayfa kwa watu wa Madina, Juhfa kwa watu wa Sham, Qarnul-Manaazil kwa watu wa Najd, na Yalamlam kwa watu wa Yaman, na zinamhusu pia kila anayezipitia akikusudia Hijja au Umra. Basi njia ya ndege ndiyo inayoamua miqati yako.

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi akapitia Doha au Dubai huingia Hijaz kwa upande wa mashariki, na miqati iliyo njiani mwake ni Qarnul-Manaazil. Anayetokea upande wa kusini huzingatia Yalamlam. Ama anayeshukia Madina kwanza, yeye huhirimia Dhul-Hulayfa, panapoitwa leo Abyar Ali, siku atakayoondoka kwenda Makka. Kwa hiyo tofauti ya bei ya tiketi mbili yaweza kuwa ni tofauti ya miqati mbili. Amua kabla ya kulipa, na nguo za ihramu uziweke katika mkoba wa mkononi. Nimeona watu wanaulizana angani ihramu zao ziko wapi, nazo zimo tumboni mwa ndege! Na mwenye kuivuka miqati bila ya ihramu ilhali amenuia, kwa kauli ya jumhuri ya wanachuoni itamlazimu arejee au achinje.

Jina nalo liandikwe katika tiketi kama lilivyo katika pasi. Sisi tuna Muhammad, Mohamed na Mohammed, na kwetu wote ni mmoja, lakini kwa mashine ni watu watatu.

TATU: RAMANI NA MASAFA

Tangazo likisema hoteli iko karibu na Haram, usilijadili. Chukua jina la hoteli, liweke katika ramani ya simu, kisha uombe njia ya kwenda kwa miguu. Usipime kwa mstari ulionyooka, kwani Makka ni mji wa majabali, na mita mia tatu za kupanda si sawa na mita mia tatu za tambarare kwa mzee mwenye maumivu ya magoti. Mtaa wa Aziziyya, kwa mfano, uko karibu na Mina na una manufaa yake siku za Hijja, lakini anayekaa huko atahitaji gari kwenda Haram. Si aibu kukaa mbali. Aibu ni kuuziwa mbali kwa jina la karibu.

Baina ya Makka na Madina kuna treni iendayo kasi iliyofunguliwa mwaka 2018, yenye njia ya kilomita 450, na tiketi zake hununuliwa mapema kwa intaneti. Ama dira ya kibla iliyo katika simu, itumieni kwa tahadhari, kwani chuma kilicho karibu huipotosha. Sisi wa Mwambao tuna neema: Makka iko karibu kaskazini hasa ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, basi dira ikikuelekeza mashariki ukiwa nyumbani, ujue ni mbovu. Na kila utakachokihitaji, iwe ramani, tiketi au nakala ya viza, kihifadhi ndani ya simu kabla ya kuondoka, kisha ukichapishe katika karatasi. Simu huisha chaji, na karatasi haiishi.

NNE: SIRI NA ADABU

Picha ya pasi yako ni amana. Usiitupe katika kundi lenye watu mia mbili. Neno la siri na namba za uthibitisho zinazoletwa katika simu usimpe mtu yeyote, hata akijiita mtumishi wa benki au wa ubalozi. Swahaba walilificha pango hata kwa baadhi ya wapenzi wao, nasi tunajianika kwa wageni tusiowaona.

Na mkifika huko, simu irudi mfukoni. Imekufikisha, basi imemaliza kazi yake. Anayetufu huku ameinua simu akiwaonesha watu wa nyumbani anawakwaza wanaotufu, na moyo wake anauweka katika hatari ya riya. Wala msiichukue simu kuwa mufti. Masuala ya ibada yakikutatizeni, muulizeni mwanachuoni anayejulikana, anayeweza kukuulizeni hali zenu kabla ya kukujibuni.

HITIMISHO

Ndugu zangu, yule mama hajarejeshewa pesa zake na watu wale. Tuliripoti polisi, na namba ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Yaliyo baina yangu na yeye tumeyazungumza wenyewe. Bado anapika vitumbua, na daftari lake ameanza ukurasa mpya. Juma lililopita aliniletea simu yake akaniambia, "Ustadhi, huyu naye ananiambia ana Umra ya bei nafuu. Nisomee anwani." Tukaisoma pamoja, herufi kwa herufi. Haikuwa ya kweli.

Kutokana na hayo, vijana wetu wanne wamekubali kukaa msikitini hapa kila usiku wa Alkhamisi baada ya Isha. Mwenye tangazo, tiketi, viza au ujumbe wa safari asiouamini, auletee. Watautazama bure, mbele yake, bila ya kuichukua pasi yake wala kumuuliza neno lake la siri. Na nyinyi mnaojua mambo haya, msiwacheke wazee. Abdullah bin Abubakar alikuwa kijana, na habari alizokuwa akizileta pangoni usiku ndizo zilizowasaidia kuivuka njia.

Nami nimejiwekea sharti, na nakuombeni mlishike pamoja nami: usipeleke tangazo la Hijja au Umra kwa mtu yeyote mpaka uwe umempigia simu mwenye tangazo, umeijua ofisi yake, na umempata mtu mmoja aliyesafiri naye akarudi. Ukishindwa katika moja ya matatu haya, lifute.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaruzuku Hijja yenye kukubaliwa wale wanaoitamani, awafungulie njia ya halali, awarejeshee walioibiwa kilicho bora kuliko walichopoteza, na atusamehe sisi tuliosababisha kwa pupa zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.